Kosa liko mustari gani?

Kwenye mgodi, kengele ikilia kushoto na moto uko kuume, bantu wanaweza kufa. Ndiyo maana tunaipima mbele ya hatari kufika.

Batoto wetu wanaojifunza kuandika programu nao wako na kengele yao. Katika lugha ya Python, mutoto akisahau kufunga alama { kwenye mustari wa kwanza, zamani kompyuta ilisema tu kwamba maandishi ni mabaya, tena mara nyingi ilionyesha mustari wa chini, ule usio na kosa. Python 3.10, iliyotoka Oktoba 2021, inasema wazi: hii { haikufungwa. Na inaionyesha pale pale.

Wanajuaje kama kengele inasema kweli? Watengenezaji wanaandika makosa kwa kusudi, na kando ya kila kosa wanaweka jibu linalotakiwa. Wakibadilisha kitu, makosa yote yanapitishwa tena. Jibu likipotea njia, wao ndio wanajua kwanza, hapana mutoto.

Wazazi, mutoto akikwama, musiseme hana akili. Kama iko na Python ya zamani, mumwambie aangalie pia mistari ya juu.