Nyumba ya Babu Juu ya Meza Yangu

Wajukuu wangu waliponiomba niwatengenezee nyumba ya mwanasesere, nilidhani ni kazi ya likizo moja tu. Sasa ni mwezi wa saba, meza ya chakula haina nafasi ya sahani, na watu wa nyumbani wamekwisha zoea kula mkekani.

Ile ya plastiki ya madukani, yenye paa la mwinuko na bomba la moshi, niliikataa tangu mwanzo. Hapa Mombasa nani aliyepata kuota moto sebuleni? Nikasema nitawajengea nyumba ya babu yangu ya Lamu, niliyokulia mimi mpaka nikaolewa. Nyumba hiyo iliuzwa mwaka 1994, warithi walipokuwa wengi na fedha za kuitengeneza hazipo. Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu ukatiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, lakini sisi tulikuwa tumekwisha gawana pesa zetu zamani. Aliyeinunua aliinunua kwa halali, simlaumu. Ila nasikia ukuta mmoja wa ndani umetobolewa kupitisha mlango, na mengi yamebadilika. Basi hapana pa kwenda kupima. Kilichobaki ni kichwa changu na kichwa cha mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, ambaye macho yake hayaoni tena.

Kipimo nilichochagua ni chepesi: kila futi ya nyumba iwe inchi moja mezani. Kuta nimezifanya kwa katoni nilizobandika tabaka juu ya tabaka mpaka zikafika inchi moja na nusu, maana kuta zile za mawe ya matumbawe hazikuwa nyembamba. Vyumba vikatoka na upana wa inchi 9 na urefu wa inchi 27. Mjukuu wangu wa kike akacheka: "Nyanya, mbona vyumba vyembamba kama ujia?" Nikamwonyesha boriti. Mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka wa kubeba dari la mawe na chokaa, na fundi hakuweza kuzitenganisha kuta zaidi ya hapo boriti zilipofika. Alitaka nafasi, akaipata kwa urefu. Boriti zangu mimi ni vibanzi alivyonipa seremala jirani, nimevipiga msasa na kuvipaka rangi nyekundu na nyeusi.

Upande wa njiani nimeumaliza. Kuna daka na baraza zake mbili, kisha tekani, ambayo imepinda makusudi ili mtu aliyesimama mlangoni asiwaone waliomo kiwandani, yaani ua wa ndani. Mjukuu alitaka dirisha la kutazama njiani. Nikamwambia hatukuwa nalo, mwanga wetu ulitoka juu, kwa Mola, ukaingia kiwandani. Nyumba nyingi za zamani za Lamu zimeelekea kaskazini, na kwa mtu wa Lamu kaskazini ndiko kibla. Ukitoka kiwandani unapanda msana wa tini, kisha msana wa yuu, halafu ndani, na nyuma yake nyumba ya kati. Kila hatua giza linazidi kidogo, na faragha inazidi nayo.

Jirani mmoja aliniuliza kama wanasesere si masanamu. Nikamkumbusha kwamba Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na wanasesere wake, na farasi mwenye mbawa, na Mtume, sala na salamu zimshukie, alimwona nao. Akanyamaza, akaomba chai.

Kilichonitoa jasho ni zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyojaa ukuta mzima wa ndani. Mara ya kwanza nilipaka chokaa nene, siku ya pili ukuta wote nyufa. Mara ya pili nikapaka nyembamba, nikafunika kwa kitambaa kibichi ili ikauke polepole, na kila siku mbili nikaongeza. Ukatoka mweupe kama maziwa, safu 4 za zidaka. Sikuficha furaha yangu. Nikamwita mama mkubwa, nikamkalisha kitini na kumshika mkono nikauingiza.

Vidole vyake vilipita taratibu. Akasema, "Nyumba hini si yetu." Moyo ulinianguka. Safu zilikuwa 5, akasema, na ya chini kabisa ilikuwa na matundu makubwa. Alizijua kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa kuzipangusa kila ulipokaribia mfungo sita, kwa ajili ya Maulidi. Akaanza kunitajia tundu kwa tundu: hapa sahani ya Kichina yenye ufa, hapa msahafu, hapa chupa ya marashi, hapa bakuli la udi. Akagusa pembeni, akaniambia mama yangu alizaliwa penye kitanda kile, na bibi yangu alioshwa nyuma yake, katika nyumba ya kati. La kwanza nililijua. La pili sikupata kuambiwa na mtu.

Alipofika tundu la sita akanyamaza. Kidole kilibaki palepale kitambo. "Nimesahau," akasema. "Kesho, inshallah."

Usiku ule niliukwangua ukuta wote kwa kisu cha jikoni. Wa sasa una safu 5, umefunikwa kitambaa chake kibichi, na daftari liko kando: mpaka leo tumeandika matundu 14. Boriti zote ziko tayari na zingeweza kubandikwa jana. Mama mkubwa amekataa. Dari likishafungwa, anasema, mkono wake utapita wapi?