Kozi ya etika nilipata 16, lakini shirika njo ilinifundisha

Mudogo wetu mumoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza swali ya haki: "Yaya, juu ya nini tunalipa minervali ya iniversite ya Kikatoliki, kama masomo ni paka sawa na ya iniversite ya Leta?" Nilitaka kumujibu palepale, nikakosa maneno. Sasa nimepata, lakini jibu ni la murefu kidogo, mutanivumilia.

Jibu la kwanza linalokuja kwa kinywa ni historia. Kanisa lilifungua Lovanium kule Kinshasa mwaka 1954. Mwaka 1971 Mobutu aliichukua, akaichanganya na iniversite za Lubumbashi na Kisangani ndani ya kitu kimoja, UNAZA. Kwetu Kivu, Iniversite ya Kikatoliki ya Bukavu na ile ya Graben kule Butembo zilizaliwa zote mbili mwaka 1989, wakati Leta ilikuwa inachoka. Graben ilianzishwa na askofu Kataliko. Maaskofu walitaka vijana wasome karibu na nyumbani, na wasome pia namna ya kuishi. Bon, iyo ni kweli. Lakini kibao cha "Kikatoliki" juu ya lango hakifundishe mutu. Mimi kozi ya etika nilipata 16 juu ya 20, na mutaona chini ginsi ilinisaidia.

Kile kinafundisha, kwa maoni yangu, ni shirika. Wengi wetu tumezaliwa ndani yake, njo maana hatuitazamake vizuri. Tangu 1961 maaskofu wa Congo walichagua kwamba Kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogo za watu wanaojuana, isiwe paka misa kubwa ya siku ya Mungu. Kwa mutaa, shirika ni familia za avenue moja: wanasoma Injili, wanajua nani mugonjwa, nani amefiwa, nani hana chakula. Kwa kampusi hakuna avenue. Kwa hiyo wanafunzi wanajipanga kufuata home, ao kufuata kartie kwenye wamekodisha vyumba. Yetu ilikuwa ya watu kumi na mumoja, chumba kimoja, viti vitatu, wengine juu ya kitanda.

Namna inavyotembea ni rahisi. Munasoma Injili ya siku ya Mungu inayokuja, polepole, mara mbili. Kila mutu anasema neno lililomugusa, bila kufanya mahubiri (hapa vijana wa filozofia wanateseka sana). Munanyamaza. Kisha inakuja sehemu ambayo watu wanapenda kuruka: tutafanya nini? Hapana "tuombe juu ya". Tutafanya nini, nani, siku gani. Na juma lingine kazi inaanza na lile swali: ulifanya?

Nakumbuka jioni moja tulisoma ile Injili ya mikate mitano. Mwenzetu mumoja alikuwa amefungiwa mitihani juu ya minervali, na sisi wote tulijua, na yeye alijua kwamba tunajua. Tulisema maneno mazuri juu ya kugawana. Halafu dada mumoja wa agronomia, mutu wa kunyamaza, akauliza: "Sasa huyu ndugu yetu ataingia mitihani ao hapana?" Mutu akatazama chini. Tulichanga juma nne, wengine walikula mara moja kwa siku. Haikutimia, omonie aliongeza yenye ilibakia. Aliingia kwa sesioni ya pili. Sijasahau lile swali, lakini nyimbo zote za ule mwaka nimezisahau.

Sisemi shirika ya kampusi ni malaika. Zingine zinageuka kikundi cha kabila moja ambacho kinaimba. Zingine, bavijana wanaongoza sala na badada wanapika sombe, miaka yote mitatu. Kuko wale wanatafuta kiti cha presida kama vile wanatafuta kiti cha mbunge. Na kuko wale wanaokesha katika sala juma la mitihani bila kufungua silabusi, kisha wanalaumu shetani. Haya yote nimeyaona, na mengine nimeyafanya.

Lakini shida kubwa ni ingine: shirika ya wanafunzi inakufa siku ya kupokea diploma. Siku ileile tunaanza kuihitaji.

Kwa kazi yangu ya kwanza (sitasema wapi) nilikuwa napokea mizigo. Siku moja karatasi ilisema mifuko 60, mimi nilihesabu 48. Mukubwa wangu aliniambia pole tu, kama baba: "Mutoto, ni vile tunafanyaka." Nilisaini. Sikutishwa na mutu, sikupewa hata franka. Nilisaini juu nilikuwa mupya na niliogopa kuonekana mugumu. Etika 16 juu ya 20! Na ile juma hakukuwa mutu wa kuniuliza: ulifanya nini?

Njo pale nilielewa Floribert Bwana Chui. Tunaweka picha yake pote, lakini tunarukaka sehemu moja ya maisha yake. Alikuwa muhitimu kama sisi. Alisoma sheria kule Goma, hapana katika iniversite ya Kikatoliki, na mudogo wangu aisikie hiyo. Wakati wa masomo aliingia jumuiya ya Sant'Egidio, ile iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na wanafunzi vijana. Pale walisali pamoja na walishughulikia maibobo, watoto wa barabarani. Akapata kazi OCC, ofisi inayopima bidhaa, kwa mupaka. Wakamuletea feza ili apitishe muchele ulioharibika. Alikataa. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma, wakati Goma yake ilikuwa mikononi mwa M23.

Watu wanasema: alikuwa shujaa. Ndiyo. Lakini mimi naona pia kwamba baada ya diploma alibakia katika jumuiya. Alipoona ule muchele, mbele yake kulikuwa nyuso za watoto ambao wangeukula. Alimuuliza hata mutawa mumoja munganga kama chakula cha vile kinaweza kuumiza watu. Mutu aliyeishi peke yake angemuuliza nani?

Askofu Munzihirwa wa Bukavu, aliyeuawa Oktoba 1996, alikuwa amejua hii kazi mbele. Mwaka 1971, Mobutu alipoingiza wanafunzi katika jeshi kwa nguvu, yeye alikuwa Mujezuiti mulezi wa vijana. Akaomba naye aandikwe askari pamoja nao. Kwake, malezi yalikuwa kukaa pale vijana wanakaa.

Basi miezi miwili baada ya ile karatasi nilitafuta watu wa promosio yetu wanaoishi karibu. Tulipatikana sita: mwalimu, mungonjeshaji, wawili bila kazi, muuza simu, na mimi. Tunakutanaka siku ya Mungu, saa kumi na moja, kwa zamu. Juma la kwanza niliwaeleza mifuko 60. Hakuna aliyenihukumu, na hakuna aliyeniambia kwamba si kitu.

Karatasi ilirudi. Ilisema mifuko 52, nilihesabu 39. Niliandika 39. Kontrati yangu ilipoisha haikufanywa tena, na wale watano walilipa chumba changu mwezi mumoja, pamoja na wale wasio na kazi. Mupaka leo sijui walifanya ginsi gani.

Kwa mudogo wangu nilijibu hivi: minervali inalipa oditwari na silabusi. Watu wa kukuuliza utawatafuta weye mwenyewe, na uanze sasa, usingoje toge. Kwetu kungali nafasi mbili. Leta kiti.