Namna ya Kuiagiza Mashine: Akili Mnemba Katika Kazi ya Mchungaji

Utangulizi

Mwanafunzi wetu mmoja, akiwa katika mazoezi ya kazi kwenye usharika mdogo wa mwambao wa Ziwa Nyasa, alipangiwa kuhubiri katika Sikukuu ya Mavuno. Usiku wa Jumamosi aliiandikia programu ya akili mnemba katika simu yake maneno manne: "Niandikie mahubiri ya mavuno." Kabla ya dakika moja kwisha alikuwa na kurasa mbili za Kiswahili safi. Zilisifu mashamba ya ngano yaliyogeuka rangi ya dhahabu, na majani ya miti yanayopukutika kabla ya majira ya baridi. Waliomsikiliza kesho yake walikuwa wavuvi wa dagaa na wakulima wa muhogo. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alimshika mkono, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, umehubiri vizuri, ila hukuhubiri kwetu."

Aibu ile haikuwa ya mwanafunzi peke yake. Ilikuwa yetu pia sisi tuliomfundisha. Tulimfunza kufafanua Maandiko na kupanga hotuba, lakini hatukumfunza namna ya kukitumia chombo ambacho tayari kilikuwa mkononi mwake. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, programu za namna hii zimeingia katika ofisi za sharika, katika kuandika barua, mihtasari ya vikao na masomo ya kipaimara. Katika makala hii hatujadili kama mchungaji azitumie au asizitumie. Tunauliza jambo dogo zaidi: akizitumia, aziagizeje? Tutaona kwamba swali hilo dogo linaturudisha kwenye kazi yetu ya zamani, yaani kuwajua watu tuliotumwa kwao.

Mfalme aliyeficha ndoto yake

Katika sura ya pili ya kitabu cha Danieli, mfalme Nebukadneza anawaita wenye hekima wa Babeli na kuwataka waifasiri ndoto yake. Wanamwomba awasimulie ndoto hiyo kwanza. Anakataa, na kuwatishia kifo wasipoitambua wenyewe. Wanajibu, kwa haki kabisa, kwamba hakuna mwanadamu awezaye kufanya jambo hilo. Danieli mwenyewe hakuliweza kwa akili yake, bali alifunuliwa na Mungu.

Wengi wetu tunaiagiza mashine kama Nebukadneza. Tunayo ndoto moyoni: tunawajua washarika, tunajua msiba wa juma lililopita, tunajua kwa nini barua kwa mkuu wa jimbo inahitaji kuandikwa kwa busara. Hayo yote tunayaficha, kisha tunaandika maneno manne na kulalamika kwamba jibu halifai. Tukumbuke kwamba mashine haina ufunuo. Imefundishwa kwa maandishi mengi mno, na kutokana na hayo hukadiria neno gani lafaa kufuata neno jingine. Inapokosa habari za mahali petu hujaza pengo kwa yale iliyoyasoma zaidi, na yaliyo mengi katika maandishi hayo ni ya Kiingereza, kutoka nchi nyingine. Maandishi ya Kiswahili ni machache kwa kulinganisha, na ya Kimatengo au Kinyasa ni haba sana. Ndiyo maana mavuno ya mwambao wetu yaligeuka kuwa ngano.

Mwambao huu wenyewe una kumbukumbu ya mtu aliyekosa habari. Mwezi Agosti 1914, meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, ambako leo ni Liuli. Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza Gwendolen, alikuwa amekwisha kupata habari kwamba vita vimeanza, naye akaja akaipiga kwa mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, alishangaa kupigwa na mtu aliyefahamiana naye, kwa sababu habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Hakukosa akili, alikosa taarifa. Hali ya mashine mbele ya agizo letu fupi ni kama hiyo, ila kwa tofauti moja ya hatari: mashine haionyeshi mshangao. Hujibu kwa utulivu kana kwamba inajua.

Mambo matano ya agizo jema

Agizo jema, kwa kadiri tulivyojifunza kwa kujaribu na kukosea, lina mambo matano.

Kwanza, mtumaji na wasikilizaji. Tueleze sisi ni nani, tunasema na nani, mahali gani na katika hali gani.

Pili, kazi na kusudi lake. "Andika juu ya ubatizo" si kazi iliyoelezwa. "Andaa maswali sita ya kuwasaidia wazazi kueleza kwa nini wanamleta mtoto kubatizwa" ni kazi inayoeleweka.

Tatu, malighafi. Tuipe mashine andiko lenyewe, maelezo yetu ya ufafanuzi au kumbukumbu za kikao, badala ya kuiacha itafute katika ghala lake. Tukitaka barua ifanane na barua zetu, tuipe moja tuliyoiandika zamani iwe mfano, baada ya kuondoa majina.

Nne, umbo. Tutaje urefu, kiwango cha lugha, na kama tunataka orodha, muhtasari au barua.

Tano, mipaka. Tuiambie isiongeze nini, na ifanye nini inapokosa hakika. Kwa muhtasari wa kikao cha baraza la wazee, kwa mfano, tunaweza kuagiza: "Usiongeze uamuzi wowote usiomo katika kumbukumbu hizi. Mahali ambapo jina la mhusika au tarehe haipo, andika: haikutajwa." Sentensi hizo mbili zinaweza kuliokoa baraza na ugomvi mkubwa.

Hebu sasa tulirudie agizo la mwanafunzi wetu. Baadaye tuliliandika upya pamoja naye hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa uchungaji. Nitahubiri kwa dakika 15 katika Sikukuu ya Mavuno, kwenye usharika wa mwambao wa Ziwa Nyasa, Mkoa wa Ruvuma. Wasikilizaji ni wavuvi wa dagaa, wakulima wa muhogo, na akina mama wanaoanika na kuuza samaki. Mwaka huu upepo uliwazuia wavuvi kwa majuma mengi, na wako waliofiwa ziwani. Andiko ni Kumbukumbu la Torati 26:1-11. Nimelinakili hapa chini pamoja na maelezo yangu. Usiniandikie mahubiri. Kwanza niulize maswali matano juu ya watu hawa. Nikishajibu, nipe mihtasari mitatu tofauti, kila mmoja usiozidi mistari kumi, juu ya namna mtu aliyepata kidogo anavyoweza kuleta limbuko bila kuona haya. Usitaje andiko lingine nisilokupa. Mahali usipokuwa na hakika, sema hivyo."

Msomaji ataona kwamba mwenye kuandika agizo hili amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mhubiri. Amechagua andiko, amelitafakari, na amejiuliza linawagusaje watu wenye vyandarua vitupu. Aidha, katika yale maswali matano mashine ilimwuliza kama wasikilizaji wanalipa sadaka kwa fedha au kwa mazao. Hakujua. Ilimbidi amwulize mzee wa kanisa.

Tena agizo hilo hilo likipandishwa hadi Mbinga, kwa barabara ya lami ya kilomita zipatazo 66 kutoka Mbamba Bay, halifai tena. Huko juu Wamatengo wanalima kahawa, mahindi na maharage kwenye miteremko mikali. Hofu ya mkulima wa kahawa ni bei na siku ya malipo. Hofu ya mvuvi ni upepo. Mchungaji anayehamishwa kutoka ziwani kwenda milimani hana budi kuandika agizo jipya, kama vile asivyoweza kuhubiri hotuba ya zamani bila kuigusa. Wamatengo wenyewe wanatufundisha kwa kilimo chao cha ngoro. Hufyeka nyasi, huzilaza kwa miraba, huzifunika kwa udongo, na kuacha vishimo vinavyozuia maji yasiupore mlima. Kazi kubwa hutangulia mbegu.

Kulipima jibu

Mwezi Juni 2023, katika Kanisa la Mtakatifu Paulo mjini Fürth, Ujerumani, watu zaidi ya 300 walihudhuria ibada iliyotungwa karibu yote na ChatGPT, na kuongozwa na sura za bandia kwenye kioo juu ya madhabahu. Aliyeiandaa ni Jonas Simmerlein, mwanatheolojia wa Chuo Kikuu cha Vienna. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliiambia mashine kwamba wapo katika mkutano wa kanisa na kwamba yenyewe ni mhubiri, akaitaka ipange ibada, pamoja na zaburi, sala na baraka. Agizo lilitaja mahali, nafasi na sehemu za ibada, na ibada ikapatikana kwa utaratibu wake. Hata hivyo baadhi ya waliokuwapo walisema haikuwa na moyo. Kwa hiyo basi, agizo zuri linaweza kuleta utaratibu mzuri, lakini anayewajibika kwa neno lililosemwa hapatikani ndani ya kioo.

Kwa sababu hiyo jibu halipokelewi bila kupimwa. Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku ili kuona kama hata maneno ya Paulo yalikuwa kweli (Mdo. 17:11), je, si zaidi maneno ya mashine? Mashine hizi huweza kutunga aya isiyokuwamo katika Biblia, kumsingizia Luther maneno asiyoyasema, au kutoa namba ya wimbo isiyo sahihi. Kila andiko lifunuliwe katika Biblia yenyewe. Jibu likipotoka, tusilitupe wala kulikubali: tuiambie mashine kosa ni lipi, na kuiagiza tena.

Lipo pia jambo lisilopaswa kuandikwa kabisa. Aliyekuja kuungama, ndoa inayovunjika, majibu ya hospitali ya mshirika: hayo hayaingii katika programu, hata kama jina limefichwa, kwa maana katika kijiji kidogo habari yenyewe ni jina. Hatujui maneno hayo yanahifadhiwa wapi wala yatasomwa na nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inadai uangalifu huo, na siri ya ungamo iliudai karne nyingi kabla yake.

Hitimisho

Katika barua yake ya mwaka 1530 juu ya kazi ya kutafsiri, Luther alieleza kwamba mfasiri hana budi kumsikiliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, ili ajue watu wanavyosema. Shauri hilo linamfaa pia mwenye kuiagiza mashine, kwa kuwa agizo haliwezi kuwa na kile ambacho mwandishi wake hakukisikia.

Mwanafunzi wetu alipangiwa tena kuhubiri usharika ule ule. Safari hiyo alishuka ziwani siku mbili kabla, akakaa na akina mama penye dagaa walioanikwa, na daftari lake likajaa kabla hajafungua simu. Alituambia kwamba katika mihtasari mitatu aliyopewa alitumia sentensi moja tu. Mengine yote yalikuwa yametoka kwenye daftari.