Ng'ombe Amepandwa, Mbona Amerudi Kwenye Joto?

Ndugu mfugaji, swali hili tunaulizwa mara nyingi: "Ng'ombe wangu alipandwa vizuri, lakini baada ya wiki tatu anataka dume tena. Je, ni mgumba? Nimpeleke mnadani?"

Usiharakishe kumuuza. Huenda mimba ilitunga, ikaharibika kabla hujaijua. Kipeperushi hiki kinaeleza mambo yanayotokea tumboni siku hizo za mwanzo na jinsi ya kuilinda mimba changa.

Kazi ya homoni

Ng'ombe akishatoa yai, mahali lilipotoka kwenye ovari huota kivimbe cha rangi ya njano. Kivimbe hicho hutoa homoni ya projesteroni. Homoni ni mjumbe anayesafiri ndani ya damu.

Karibu kila chembe hai ya mwili hubeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Chembe za ngozi na za mji wa mimba zina maagizo yaleyale, ila si yote yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. Ni kama asubuhi bomani: watu wote wapo, lakini mzee ndiye anayepanga nani apeleke ng'ombe kunywa maji na nani abaki na ndama.

Projesteroni huamsha jeni zinazofanya mji wa mimba utoe majimaji yenye lishe. Mimba changa hutegemea majimaji hayo kwa karibu wiki tatu, kwa sababu bado haijajishika kwenye mji wa mimba.

Mimba hujitangaza

Kati ya siku ya 15 na ya 17, mimba hurefuka kama uzi na kutoa ujumbe wake, protini iitwayo intaferoni tau. Ujumbe huu huzuia jeni ambazo zingesababisha mji wa mimba kutoa prostaglandini, homoni inayoua kile kivimbe cha njano.

Mimba ikiwa dhaifu, ujumbe hautoshi. Kivimbe hufa, projesteroni hushuka, na karibu na siku ya 21 ng'ombe hurudi kwenye joto. Hutaona kitu kilichotoka, kwa kuwa mimba bado ni ndogo mno.

Mambo ya kufanya

• Andika siku aliyopandwa. Kama huandiki, mwombe mtoto anayesoma akuwekee kwenye daftari. Mwangalie asubuhi na jioni kati ya siku ya 18 na ya 24.
• Katika wiki za mwanzo mpe kivuli wakati wa jua kali na maji ya kutosha. Ikiwezekana, usimswage safari ndefu.
• Asikonde ghafla. Ng'ombe aliyedhoofika hushika mimba kwa shida.
• Usimpe dawa ya minyoo ya albendazo katika siku 45 za kwanza za mimba. Kwa kondoo na mbuzi, epuka siku 30 za kwanza. Muulize mtaalamu dawa nyingine.
• Usikubali achomwe sindano ya kuleta joto kabla ya kupimwa mimba. Sindano hiyo ni prostaglandini, nayo huharibu mimba changa.
• Mwite mtaalamu ampime kwa mkono baada ya miezi miwili hadi mitatu. Kutorudi kwenye joto peke yake si uthibitisho wa mimba.

Lini uwe na wasiwasi

Ng'ombe mmoja akirudia mara moja, mpandishe tena. Akirudia mara tatu, apimwe. Ng'ombe wengi wakirudia kwa pamoja, usiwalaumu majike tu: dume anaweza kuwa hana mbegu nzuri, au anaeneza ugonjwa wa uzazi kundini. Mtenge dume huyo, na umwite mtaalamu wa mifugo kabla hujauza hata jike mmoja. Ukimuuza jike mzima na kubaki na dume mgonjwa, mwakani utakosa ndama na maziwa vilevile.