Wageni wa Saa Chache: Siku Meli ya Watalii Inapotia Nanga Lamu

Mtalii anayefika Lamu kwa ndege kupitia Manda hulala hapa, hula hapa na hulipa hapa. Anayefika kwa meli ya utalii ni mgeni wa aina nyingine. Kitanda chake kiko baharini, chakula chake cha siku nzima amekilipia miezi mingi nyuma, na saa yake ya kuondoka haibadiliki. Mji unampata kuanzia baada ya kifungua kinywa hadi alasiri, na mara nyingine hata alasiri haifiki.

Meli hizi si za kila wiki katika funguvisiwa la Lamu, na pengine ndiyo sababu taratibu zake hazijulikani sana. Katika miji mingi midogo ya bandari duniani, swali linaloulizwa meli ikishaondoka ni lile lile: wageni walijaa njiani, mbona mauzo hayakuonekana? Jibu lake limo katika namna siku yenyewe inavyokatwa.

Meli kubwa za utalii hubeba abiria zaidi ya 3,000. Hizo haziwezi kuja mbele ya mji wa Lamu, na huenda ni heri. Zinazofaa mahali kama hapa ni meli ndogo za abiria mia moja hadi mia tatu hivi. Huko Mombasa, abiria hushuka moja kwa moja kwenye jengo la abiria lililo gati namba 1 la Kilindini. Lamu hakuna kitu kama hicho. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ilijengwa kwa ajili ya mizigo. Kwa hiyo meli ya utalii hutia nanga kwenye maji ya kina, na abiria huletwa mjini kwa boti ndogo, kundi baada ya kundi.

Hapo ndipo saa zinapoanza kupungua. Tuseme meli imetia nanga saa moja asubuhi na itang'oa nanga saa kumi na moja jioni. Kwanza maafisa wa uhamiaji, forodha na afya ya bandari wanamaliza kazi yao. Kisha boti zinaanza safari, na kundi la mwisho linaweza kufika gatini zaidi ya saa nzima baada ya la kwanza. Jioni nahodha anataka kila mtu awe melini mapema kabla ya kuondoka. Mgeni aliyetegemea siku nzima anabaki na saa sita au saba. Na katikati ya hizo kuna chakula cha mchana, ambacho kinamngoja melini bila malipo ya ziada. Wengi hurudi kukila.

Juu ya yote hayo, bahari yetu ina ratiba yake. Siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa kuelekea jioni, ingawa tofauti yake ni ndogo. Kwa mwenyeji hili si jambo la kufundishwa. Kwa mtu aliyepanga matembezi akiwa ofisini ng'ambo, ndilo linaloweza kuharibu siku.

Chukua magofu ya Takwa, upande wa pili wa kisiwa cha Manda. Mji huo uliohamwa katika karne ya 17, pamoja na msikiti wake wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Maji yakiwa yamepwa, boti haifiki; ikiwa imeshaingia, inaweza kukwama hadi yajae tena. Shela ni kinyume chake. Mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka mjini hadi Shela kwa miguu hupita kandokando ya bahari, na maji yakijaa sehemu za njia hiyo hufunikwa. Kwa hiyo bahari inayofungua njia ya Takwa ndiyo inayofunga njia ya Shela. Kampuni inayowaahidi wageni wake vyote viwili asubuhi moja haijatazama jedwali la maji.

Historia ya hapa inalijua somo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya Mombasa na Pate yaliyokuja kuishambulia Lamu yalishuka Shela. Masimulizi yanasema waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, walivikuta vimekaa mchangani, maji yamepwa. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ni matokeo ya vita hivyo. Mwelekezi anayesimulia kisa hiki akiwa amesimama pale uwanjani, mbele ya ngome ambayo baadaye ilikuwa gereza hadi mwaka 1984, humpa mgeni kitu ambacho hakipatikani katika duka la melini.

Sasa tuje kwenye fedha. Abiria akishuka na kibandiko chenye namba kifuani, maana yake tayari amenunua matembezi. Aliyanunua melini, au hata kabla ya safari, na kampuni ya meli ilichukua sehemu yake. Wakala, ambaye mara nyingi yuko Mombasa au Nairobi, alichukua yake. Kinachofika Lamu ni kodi ya boti, malipo ya mwelekezi na kiingilio cha makumbusho. Kijana anayemfuata mgeni huyo tangu gatini akimwomba amwongoze mjini anajaribu kuuza kitu ambacho mgeni amekwisha kununua. Wote wawili hukasirika, na kwa kuwa wageni hawa huandika maoni yao kwa kampuni iliyowaleta, ghadhabu ya dakika kumi inaweza kuwa sababu ya meli kupita mbali mwaka unaofuata.

Lakini mgeni huyo bado hajanunua mambo mengi. Hajanunua glasi ya maji ya ukwaju. Hajanunua kikombe cha kahawa chungu na kipande cha halua, kofia iliyodariziwa kwa mkono, kikoi, kisanduku kilichochongwa, wala mwendo wa saa moja kwa mashua ya tanga. Ukiondoa ule wa mashua, huu ni ununuzi mdogo wa papo hapo, na huhitaji vitu viwili: bei iliyoandikwa wazi na chenji. Abiria wengi hushuka na noti kubwa za dola au kadi ya benki, na hawana M-Pesa. Mchuuzi asiye na chenji hupoteza mauzo hata kama mgeni ameipenda kofia. Vifungashio navyo vina sharti: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na kikapu cha ukili ni bidhaa na kifungashio kwa wakati mmoja.

Kuna mteja mwingine ambaye husahaulika: baharia. Kila meli ina wapishi, wahudumu wa vyumba, mafundi na wasafishaji, wengi wao wakitoka Ufilipino, Indonesia na India. Wanaopata ruhusa ya kushuka hawatafuti magofu. Wanatafuta bando za intaneti waongee na familia zao, sabuni, dawa ya mafua, matunda, na sahani ya wali na samaki ambayo hawakuipika wao wenyewe. Hawana kibandiko kifuani wala chakula cha kurudia kwa haraka. Duka la kawaida la Langoni lisilouza hata kinyago kimoja linaweza kufanya biashara nzuri na watu hawa.

Ndani ya mji wenyewe, mpangilio ni wa kutembea. Usita wa Mui, njia kuu inayopita katikati ya mji kutoka kaskazini hadi kusini, ni nyembamba kiasi kwamba watu arobaini wakisimama kumsikiliza mwelekezi mmoja, punda wa mchanga hapiti, na mwenye punda ana kazi ya kumaliza. Makundi ya watu kumi hadi kumi na watano hupita bila kumzuia mtu. Wageni wengi wa meli ni wazee. Ngazi za gati maji yakipwa huwa na utelezi, jua la saa sita ni kali, na swali lao la kwanza baada ya nusu saa si la zidaka wala milango ya kuchongwa. Ni choo kiko wapi. Mwelekezi anayejua jibu, na mkahawa ulio tayari kuwapokea, ndio watakaouza vinywaji.

Adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala, na Ijumaa hufungwa kwa muda mrefu zaidi. Meli ikiangukia Ijumaa, ni busara wageni waelezwe tangu melini, na matembezi ya mjini yafanywe asubuhi. Waelezwe pia kuhusu mavazi: mabega na magoti yafunikwe mjini, nguo za kuogelea zibaki ufuoni. Mwanamke aliyevaa buibui hapigwi picha bila ridhaa yake. Mtoto hapewi pipi wala pesa kwa kupigwa picha. Mtoto anayelipwa leo kesho atakuwa gatini badala ya shuleni au madrasa. Mji wa Kale uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 si kwa kuta zake tu. Ni kwa sababu watu bado wanaishi ndani yake kwa desturi zao.

Wakazi huuliza pia nani anashughulikia nini. Kwa Katiba ya 2010, usimamizi wa usafiri wa meli wa kimataifa na wa kitaifa uko kwa Serikali ya Kitaifa, pamoja na uhamiaji na forodha. Ngome na makumbusho ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Leseni za waelekezi hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na usalama wa vyombo vidogo uko chini ya Mamlaka ya Masuala ya Baharini. Serikali ya Kaunti imekabidhiwa utalii wa ndani ya kaunti, masoko, leseni za biashara, taka, na bandari ndogo zisizo za kimataifa. Mwenye boti asiye na majaketi ya kuokolea maisha ya kutosha asitarajie kubeba abiria wa meli. Kampuni nyingi hukagua zenyewe kabla ya kumruhusu mtu wao kupanda.

Je, miji midogo inaweza kuweka masharti? Wapo waliofanya hivyo. Mwaka 2022 wapiga kura wa Bar Harbor, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Maine, Marekani, walipitisha kikomo cha abiria 1,000 wanaoshuka kwa siku. Dubrovnik huko Kroatia, ambao pia ni mji wa urithi wa dunia, uliafikiana na kampuni za meli kupunguza idadi ya meli zinazofika kwa wakati mmoja. Yote mawili yalifanyika baada ya njia kujaa hadi wenyeji wakashindwa kupita. Lamu ipo mbali na hali hiyo, na kwa hiyo ina nafasi ya kuzungumza na kampuni kabla, wakati ambapo kila upande bado unamhitaji mwenzake: makundi yawe madogo kiasi gani, nani awaongoze, na chakula cha mchana kiliwe wapi.

La chakula lina uzito kuliko linavyoonekana. Kampuni ikikubali abiria wale mchana mjini, samaki wa nazi, kamba na mkate wa mofa, wageni hawarudi melini saa sita, na saa mbili walizokuwa wakizipoteza ndani ya boti zinabaki nchi kavu. Mvuvi, mpishi na muuza matunda wanapata zamu yao. Mkutano wa namna hiyo hufanywa miezi kadhaa kabla ya msimu wa kaskazi, na kitu cha kwanza cha kuweka mezani ni jedwali la maji.