Anza Mbali, Tembea Ukirudi: Mabasi na Njia za Miguu za Usambara

Ukiwauliza wanaopanga safari za miguu katika milima ya Usambara Magharibi, kwanza watataka kujua una siku ngapi. Ukiwa nazo tatu au nne watakutoa Lushoto hadi Mtae kwa kupitia msitu wa Magamba, Lukozi na Rangwi. Pungufu ya hapo utashauriwa uishie Irente au maporomoko ya Soni, urudi zako. Basi hutajwa mwisho kabisa, kama chombo cha kumrudisha mtu aliyekwisha kutembea. Mimi ninaona lingetajwa kwanza. Mfanyakazi wa Tanga au Dar es Salaam asiye na gari wala fedha za kukodi, mwenye likizo chache anazozigawa mwaka mzima, anaweza kuitembea njia hiyo yote kipande kwa kipande, mradi aziachie saa za basi ziamue aanzie wapi, aelekee upande gani na alale wapi. Akianza kwa kupima kilomita kwenye ramani, milima itamshinda kwa sababu zisizohusiana na nguvu za miguu yake.

Basi la milimani halikuwekwa kwa ajili ya mtembezi. Lami inapanda kutoka Mombo, kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha, ikipita Soni hadi Lushoto, kilomita 33 hivi, na katika kipande hicho magari hupanda na kushuka kutwa. Ukishaipita Lushoto mambo hubadilika. Mabasi ya Mtae hulala Mtae, na ya Mlalo hulala Mlalo. Yanaondoka huko kati ya saa 10 na saa 11 na nusu alfajiri, yanashuka Lushoto, na mengine yanaunganisha moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Yanayopanda huondoka Lushoto mchana, kuanzia mnamo saa 7. Mtazame abiria utaielewa ratiba hiyo. Mkulima anataka kufika sokoni bei zikiwa bado nzuri, mgonjwa anawahi foleni ya hospitali ya wilaya, na anayekwenda Dar hataki giza limkute njiani. Jioni kila mmoja anataka awe kwake. Mzigo nao unasema hayo hayo. Alfajiri keria hubeba matenga ya plamu, peasi na nyanya, pamoja na magunia ya karoti yaliyokazwa kamba mpaka yakavimba ubavuni. Mchana keria hiyo hiyo inapanda na bidhaa za dukani. Milima hii hushusha mazao asubuhi, na gari linafuata mazao.

Kwa hiyo mtembezi aliyelala Lushoto, akaamka asubuhi akitafuta basi la kumfikisha Mtae ili arudi jioni, atakaa stendi bure. La kushuka limeshapita na la kupanda bado liko mbali. Wengi wakifika hapo hukata tamaa au hukodi gari kwa bei inayomaliza bajeti ya safari nzima. Lakini igeuze safari. Panda basi la mchana hadi mwisho wa njia, karibu kilomita 60 kutoka Lushoto, lala Mtae, na kesho yake uanze kutembea ukirudi. Anayetembea kulikimbilia basi hutembea na wasiwasi, maana akichelewa kidogo limemwacha kijiji asichokijua, jua linazama. Anayetembea kuelekea mjini hana cha kukimbilia. Tena kila kijiji cha barabarani atakacholala kitapitiwa alfajiri na basi linaloelekea huko huko anakokwenda yeye. Goti likimvimba Lukozi, au siku zikimwishia, hahitaji kumpigia mtu simu aje kumchukua. Anasimama kando ya barabara na tochi yake kabla hakujapambazuka, anashuka na wakulima. Na Mtae yenyewe inastahili kuanziwa. Kijiji kimekaa ukingoni kabisa, mahali mlima unapokatika ghafla, na chini yake nyika ya Mkomazi imetanda mpaka macho yanachoka. Ni haki kuitazama nyika hiyo mtu akiwa na nguvu zake.

Baada ya hapo vipande vinajipanga. Kutoka Mtae mtu anaweza kutembea hadi Rangwi, penye watawa wanaopokea wageni. Safari nyingine akatoka Rangwi hadi Lukozi, soko kubwa la mboga. Na nyingine akatoka Lukozi hadi Lushoto kwa kukatiza Magamba. Kila kipande kiishie penye gari linaloshuka alfajiri, hata kama ni mwendo wa saa moja kabla ya pale ulipotamani kufika, na safari inayofuata basi la mchana likushushe hapo hapo ulipoachia. Kipande cha Lukozi hadi Lushoto kinaingia vizuri ndani ya Jumamosi na Jumapili: Jumamosi unapanda, Jumapili unatembea mapema, alasiri uko Lushoto penye magari tele ya Mombo. Vipande vya mbali haviingii. Mtae ni usiku mmoja wa kufika na usiku mwingine wa kusubiri basi la alfajiri, hivyo Ijumaa au Jumatatu moja lazima iombewe ruhusa kazini. Hiyo ndiyo gharama, na afadhali ijulikane kabla ya kufunga begi.

Wapo wanaosema kuikatakata safari namna hii ni kuiharibu, kwamba njia ndefu ina maana ikitembewa kwa mkupuo, bila kugusa injini. Wanaosema hivyo wanaidhania Usambara njia ambayo haina. Hakuna mtu aliyewahi kuchora njia moja kutoka Lushoto hadi Mtae akaipigia vibao. Kilichopo ni utando wa vijia: cha kwenda shambani, cha kisimani, cha shule, cha soko, vinavyopita kati ya migomba na kando ya mashamba ya kabichi, vikizunguka mashina ya mikaratusi. Mwenyeji wa huko huanzia kwa miguu akamalizia kwa gari, au akapanda kwa gari akateremka bondeni kwa miguu, na haoni amepungukiwa na kitu. Anayetembea kwa vipande anafuata desturi ya mahali. Hata kwenye njia zilizochorwa rasmi basi halionekani kuwa aibu. Kaskazini mwa Uingereza kuna njia ya kilomita 135 inayofuata ukuta wa Kirumi wa Hadrian, iliyofunguliwa mwaka 2003, na kandokando ya sehemu yake ya katikati hupita basi namba AD122, namba iliyotokana na mwaka 122 ukuta ulipoanza kujengwa. Basi hilo limewekwa kwa ajili ya wageni, na huduma yake hufuata msimu wao. Lukozi na Mtae wana mabasi ambayo hayasubiri watalii, kwa sababu karoti na wagonjwa hawana msimu wa utalii.

Pingamizi la usalama lina uzito zaidi, na sitaki kulipuuza. Barabara za juu ni nyembamba, kona ni kali, magari hujazwa, na masika, kati ya Machi na Mei, udongo mwekundu huteleza na kingo huporomoka, wakati mwingine hata kwenye barabara ya lami ya Mombo. Ndiyo maana mpango huu ni wa Juni hadi Septemba, kukiwa na baridi na ukavu. Ndiyo maana pia kila kipande kiwekewe siku ya akiba, ili mtu anayeona basi limejazwa kupita kiasi aweze kukataa kupanda. Mtu asiye na akiba atapanda tu. Kuhusu kupotea na kutembea peke yako, hasa kwa mwanamke, basi haliwezi kuwa mbadala wa kiongozi. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuna kibali na ada, na ni vyema kuingia na mtu anayezijua njia zake. Usidhani fedha hizo zimepotea: anayekuonyesha mbega juu ya mti na kinyonga kwenye kichaka ambacho ungekipita ndiye pia anayejua dereva gani analala kijiji gani.

Anayepita kwa gari la kukodi hula Lushoto na kulala Lushoto. Lukozi kwake ni vumbi dirishani. Anayefungwa na saa za basi hana budi kulala kijijini, kula chakula cha jioni kwa mama lishe, na kununua plamu za kula njiani. Fedha hiyo ni ndogo kwa kila mtu, lakini inatua mahali ambapo fedha ya utalii haifiki, na hurudi kila mtembezi anaporudi kuendelea na kipande chake. Kinachokosekana ni taarifa. Nauli hupangwa na mamlaka na huweza kuulizwa, ila saa na njia za magari haya zimo vichwani mwa makondakta, na mgeni huzipata kwa kubahatisha. Halmashauri ingeweza kusimamisha ubao stendi ya Lushoto wenye majina ya vijiji, saa za kupanda na saa za kushuka, na mwingine Lukozi na Mtae, urekebishwe kwa chaki kila ratiba inapobadilika. Waongoza wageni wa Lushoto wanazijua saa hizo tayari. Kazi iliyobaki ni ya fundi wa mbao na kopo la rangi.