Runinga ya kwanza Kenya na ukuta wa Bonde la Ufa

Matangazo ya televisheni yalianza Kenya mwaka 1962, kutoka nyumba ya shambani huko Limuru iliyogeuzwa kituo cha kurushia mawimbi. Mtambo wake ulifika umbali wa maili 15, yaani kilomita 24 hivi. Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, lilikuwa limeundwa mwaka uliotangulia. Redio ilikuwapo nchini tangu 1928, na wakazi wa Nakuru, Molo na Sachangwan waliizoea sauti yake miaka mingi kabla ya kuona picha.

Chanzo cha pengo hilo ni tabia ya mawimbi yenyewe. John Logie Baird alipoonyesha televisheni London mwezi Januari 1926, picha yake ilikuwa na mistari 30 tu. Uso wa mtu ulitambulika kwa shida. Lakini picha hafifu hubeba taarifa chache, na taarifa chache hupita hata katika mawimbi ya redio ya kawaida. Mwezi Februari 1928 Baird alirusha picha kutoka London hadi Hartsdale, karibu na New York, kwa mawimbi mafupi, na kuanzia Septemba 1929 matangazo yake ya majaribio yalipita katika mitambo ya redio ya BBC.

Mwaka 1936 BBC ilifungua kituo cha Alexandra Palace, na mfumo wa kielektroniki wa mistari 405 ukaushinda ule wa Baird baada ya miezi michache. Picha iling'aa, ila ilihitaji nafasi kubwa mno isiyopatikana kwenye masafa ya redio. Ikabidi ipelekwe kwenye masafa ya juu, VHF, ambayo mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na kuishia upeo wa macho au kwenye mlima. Huduma ya Alexandra Palace ilikadiriwa kufika kilomita 40 hivi. Hii ndiyo gharama kubwa ya ubora: picha ilivyozidi kuwa safi, ndivyo umbali wake ulivyopungua.

Kenya ilirithi gharama hiyo hiyo, na jiografia ikaiongeza. Antena yenye kimo cha mita 100 juu ya tambarare hufikisha VHF kilomita 40 hivi, na kilima kimoja kinatosha kuikata. Limuru iko karibu na ukingo wa Bonde la Ufa. Nyuma yake ardhi inaporomoka kuelekea Naivasha, kisha Nakuru, na Sachangwan iko mbali zaidi, kwenye miinuko ya Mau. Hata mtambo wenye nguvu zaidi usingeondoa vizuizi vya ardhi vilivyo katikati.

Dawa ilikuwa kuirusha picha upya kutoka mahali pa juu. Timboroa, penye kituo cha reli kilichoko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, pakawekwa mtambo wa kuhudumia upande huo wa nchi. KBC ilitaifishwa Julai 1964 na kuitwa Sauti ya Kenya. Mombasa ilipata kituo chake mwaka 1970, na rangi ikaja 1978, miaka mitano baada ya Zanzibar, iliyoanza na rangi moja kwa moja.